Bobbie Rosenfeld, karani wa kiwanda cha shokola aliyeleta zahabu

Hapa Salamabila tukisema neno zahabu, hata mutoto mudogo anajua tunasema nini. Ni mawe ya Namoya. Ni shimo, ni tochi ya kichwani, ni mama anayetwanga mawe mupaka mikono inatoka malengelenge, ni baba anayeosha muchanga mutoni akitafuta kipande kidogo kama punje ya muchele. Lakini kuko zahabu ingine. Ni ile wanayomupa mutu katika Michezo ya Olimpiki kama amewashinda watu wa dunia nzima. Na niwaambie ukweli, wachimbaji wenzangu: ile medayi si zahabu tupu. Tangu miaka ya 1920 ni feza iliyopakwa zahabu juu. Mununuzi wetu wa hapa angeiweka kwenye mizani na kucheka. Bei yake iko katika jasho la mutu aliyeipata.

Leo ninawaletea maisha ya mwanamuke mumoja aliyeipata ile medayi mwaka wa 1928. Kwenye karatasi aliitwa Fanny Rosenfeld, lakini Kanada nzima ilimujua kwa jina la Bobbie. Alikuwa karani katika kiwanda cha shokola. Alikimbia, aliruka, alitupa kisahani, alicheza tenisi na basketi. Lakini muchezo uliokaa moyoni mwake ni ule ambao sisi wa huku hatujauona kwa macho: hoki ya kwenye barafu.

Nimemuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa mufanyakazi, mutu wa mushahara, alicheza kisha kazi. Ya pili, mupaka leo katika mikutano yetu ya sindika nasikia wanaume wakisema mwanamuke hana nguvu, akae pembeni, maneno makubwa tuyaseme sisi. Kisha mukutano unaisha, tunatoka inje, tunakutana na yule yule mwanamuke akipanda mulima na mufuko wa mawe mugongoni. Maisha ya Bobbie yanatufundisha kitu juu ya maneno hayo.

Mutoto wa wakimbizi

Bobbie alizaliwa mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1904 katika muji wa Ekaterinoslav, wakati ule chini ya mufalme wa Urusi. Leo muji huo unaitwa Dnipro, uko katika inchi ya Ukraine. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Miaka ile Wayahudi wa Urusi walikuwa wanaishi na woga: nyumba zao zilichomwa, maduka yao yaliporwa, na mwaka wa 1905 watu wengi waliuawa katika muji ule ule aliozaliwa. Familia nyingi zilifunga mizigo na kuvuka bahari. Wazazi wa Bobbie walimubeba akingali mutoto mudogo sana, pamoja na kaka yake, wakaenda Kanada.

Sisi watu wa Kabambare na Kasongo hatuna lazima ya kuelezewa maneno haya sana. Tunajua maana ya kuamuka usiku, kufunga godoro kwa kamba na kwenda kulala kwa watu usiowajua.

Walifikia Barrie, muji mudogo wa jimbo la Ontario, kando ya ziwa Simcoe. Baba yake alifanya biashara ya vyuma na vitu vya zamani, kununua kwa huyu na kuuza kwa yule. Haikuwa nyumba ya matajiri. Pale ndipo mutoto alianza michezo. Nywele zake alizikata fupi, na kwa sababu ya nywele zile wakamupa jina la Bobbie. Lilimushika mupaka kufa.

Sasa lazima nieleze ile barafu, kwa sababu bila hiyo hamutaelewa muchezo. Kanada wakati wa baridi si baridi ya asubuhi kama yetu ya kiangazi, ile inayokwisha jua likipanda. Ni miezi mizima. Maji ya ziwa yanaganda, yanakuwa magumu kama simenti, watu wanatembea juu. Watoto wanavaa viatu vyenye kisu cha chuma chini yake, wanateleza mbio kuliko mutu wa baiskeli. Ndipo wakapata ule muchezo. Kila upande uko na watu sita, mumoja wao akilinda goli. Hawapigi balo, wanapiga kisahani kidogo kigumu cheusi chenye uzito wa gramu 170 hivi, kwa fimbo ndefu iliyopinda chini. Kisahani kile kikikupiga muguuni, utakikumbuka juma nzima. Wachezaji wanagongana, wanaanguka, wanaamuka. Leo wanacheza mara tatu, kila mara dakika 20.

Wanawake wa Kanada walianza kuucheza tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19. Wa kwanza walivaa sketi ndefu mupaka chini. Bobbie aliukuta muchezo huo tayari, akauingia kama samaki katika maji.

Toronto na kiwanda

Mwaka wa 1922 familia ilihamia Toronto. Jina la Toronto si geni kwa watu wa Namoya: ile sosiete iliyokuja kuchimba hapa kwa mashine kubwa ilikuwa na biro yake ya juu katika muji huo. Hata Kanada yenyewe ni inchi ya migodi. Kule kule Ontario kuko Sudbury yenye nikeli na Timmins yenye zahabu, na wachimbaji wa kule pia walipigana miaka mingi kusudi sindika zao zikubaliwe.

Bobbie alipata kazi katika kiwanda cha shokola kilichoitwa Patterson. Kazi yake ilikuwa ya biro: kusikiliza mukubwa akisema, kuandika mbio kwa alama fupi, kisha kupiga barua kwa mashine. Jioni, akifunga mashine, alikwenda mazoezini. Kiwanda kilikuwa na ekipe zake za michezo, na Bobbie aliingia katika hizo ekipe. Ndivyo ilivyokuwa Toronto miaka ile. Vita ya kwanza ya dunia ilikuwa imeingiza wanawake wengi katika viwanda na biro. Walipata mushahara wao wenyewe, hata kama mudogo kuliko wa wanaume, na mwaka wa 1918 wakapata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa inchi nzima. Wakaanza kudai pia kiwanja, saa ya mazoezi, na ligi yao.

Mabosi walikubali kwa sababu jina la kiwanda lilitembea kwenye magazeti bila kulipa tangazo. Wazee wetu wanajua desturi hiyo: hata huku Congo, sosiete kubwa na gari la moshi zilikuwa na ekipe zao za mupira. Mufanyakazi anafurahi, bosi anafurahi. Lakini tusisahau jambo moja: muchezaji hakulipwa kwa kucheza. Sheria za Olimpiki za wakati ule zilikataza kabisa. Mutu akipokea feza kwa kukimbia, wanamufukuza. Kwa hiyo mutoto wa tajiri alifanya mazoezi muchana kutwa, na karani kama Bobbie alifanya mazoezi na uchovu wa kazi mwilini.

Kucheza kwa Wayahudi nako kulikuwa na njia yake. Kulikuwa chama cha wasichana wa Kiyahudi, Bobbie akacheza basketi kwao, na mwaka wa 1923 ekipe ile ilishinda Ontario, kisha ikashinda upande wote wa mashariki wa Kanada.

Mbio za Beaverton

Katika mwaka ule ule wa 1923 ndipo inchi ilimujua, na ilikuwa kama kwa bahati. Bobbie alikwenda Beaverton, muji mudogo kando ya ziwa lile lile la Simcoe, kucheza softbol na ekipe yake. Kulikuwa siku ya michezo, na moja ya michezo ilikuwa mbio za yadi 100, ni kusema metre 91. Wenzake walimusukuma aingie. Aliingia na nguo zake pana za softbol, hakuwa na viatu vya mbio. Akashinda. Kisha wakamwambia yule aliyemuacha nyuma ni nani: Rosa Grosse, bingwa wa mbio hizo wa Kanada nzima.

Mwaka ule ule, kwenye maonyesho makubwa ya Toronto, walimuleta Helen Filkey kutoka Chicago, mwenye rekodi ya dunia. Bobbie akamushinda naye.

Mwaka wa 1924 alichukua ubingwa wa tenisi wa Toronto kwenye viwanja vya majani. Mwaka wa 1925 ulikuja ule mukutano wa michezo wa wanawake wa Ontario ambao watu waliusimulia miaka mingi. Siku moja tu, Bobbie alikuwa wa kwanza katika kutupa kisahani, wa kwanza katika mbio za yadi 220, wa kwanza katika mbio za kuruka vizuizi za yadi 120, na wa kwanza katika kuruka mbali. Tena alikuwa wa pili katika mbio za yadi 100 na wa pili katika kutupa mukuki. Kiwanda chake kilichukua kombe la pointi kwa mutu mumoja. Ilikuwa sawa na mutu mumoja kuingia shimoni na kutoa kazi ya kikosi kizima.

Na wakati wa baridi ulipofika, alivaa viatu vya kisu na kurudi kwenye barafu. Alicheza kati, mahali pa mutu anayegawa kisahani na kutafuta goli, katika ekipe ya hoki ya Patterson. Hakuwa mukubwa wa mwili. Kilichomusaidia ni mbio zake, fimbo yenye kupiga kwa nguvu, na kutoogopa kugongana.

Amsterdam, 1928

Mupaka mwaka wa 1928 Michezo ya Olimpiki ilikuwa haijawaruhusu wanawake kukimbia. Wakubwa wa michezo walisema mwili wa mwanamuke hauwezi. Kisha kusukumwa miaka mingi, wakakubali mashindano matano tu, kama kujaribu: metre 100, metre 800, mbio za kupokezana, kuruka juu na kutupa kisahani. Michezo ilikuwa Amsterdam, katika inchi ya Uholanzi.

Mashindano ya kuchagua wachezaji wa Kanada yalifanyika Halifax, na Bobbie aliweka pale rekodi za inchi katika kuruka mbali kwa kukimbia, kuruka mbali kwa kusimama, na kutupa kisahani. Rekodi hizo zilikaa mupaka miaka ya 1950. Kanada ilituma wakimbiaji na warukaji wanawake sita tu: Bobbie, Myrtle Cook, Ethel Smith, Jane Bell, Jean Thompson na Ethel Catherwood. Mukubwa wa safari yao alikuwa mwanamuke, Alexandrine Gibb, mwandishi wa gazeti aliyeamini kwamba michezo ya wanawake iongozwe na wanawake wenyewe.

Katika metre 100 wanawake watatu wa Kanada walifika fainali. Myrtle Cook alitoka mbele ya bunduki mara mbili, wakamutoa. Alikaa pembeni akilia. Mbio zikaanza, na kwenye kamba Bobbie na Betty Robinson wa Marekani walifika karibu pamoja. Hakukuwa mashine ya picha kama leo; waamuzi walitegemea macho yao, na waamuzi wenyewe hawakusikilizana. Mwishoni wakamupa Robinson nafasi ya kwanza kwa sekunde 12.2. Bobbie akapata ya pili. Wakanada wengi waliamini mupaka kufa kwao kwamba mutu wao alikuwa ameshinda. Bobbie alichukua medayi yake ya pili na kuendelea.

Sasa njoo kwenye metre 800, na hapa wasomaji nawaomba musome polepole.

Jean Thompson alikuwa mutoto wa miaka 17, na mbio zile zilikuwa zake. Mbele ya siku yenyewe aliumia muguu katika mazoezi. Kusudi asikimbie peke yake, waliandika pia jina la Bobbie, mutu wa mbio fupi, ambaye hakuwa amejitayarisha kwa metre 800. Fainali ilikuwa na wanawake tisa. Bobbie alikaa nyuma kabisa. Katika sehemu ya mwisho akaona Jean anaanza kulegea. Bobbie akapandisha mwendo, akawapita wengine mumoja mumoja, akafika kwa Jean. Angeweza kumupita. Hakumupita. Alikimbia kando yake, akamutia moyo, wakaenda pamoja mupaka kwenye kamba, na pale akamuacha mudogo wake atangulie. Jean akawa wa nne, Bobbie wa tano.

Hakuna medayi ya nafasi ya tano. Lakini uliza Wakanada wa zamani juu ya Bobbie Rosenfeld, wengi watakuelezea mbio hizo kwanza. Sisi wa mashimo tunaelewa sababu. Mwenzako akichoka ndani, haumuruki na kutoka mbio kusudi ufike wa kwanza kwa mununuzi.

Kuko na upande mwingine wa mbio zile, na huo ni muchungu. Aliyeshinda ni Lina Radke wa Ujerumani, kwa dakika 2 na sekunde 16.8. Wa pili, Kinue Hitomi wa Japani, na wa tatu, Inga Gentzel wa Uswidi. Wote watatu walikimbia kuliko rekodi ya zamani ya dunia. Wote tisa walifika. Ni kweli, wengine walianguka kwenye majani kisha kufika, wakivuta pumuzi, kama wanaume wanavyofanya kisha mbio ngumu. Lakini magazeti ya Ulaya na Marekani yakaandika habari za uongo: eti wanawake wengi waliacha njiani, eti walianguka kama wafu, eti ni aibu kuona. Wakubwa wa michezo, ambao tangu mwanzo hawakutaka, wakashika habari hizo na kufuta metre 800 za wanawake. Hazikurudi mupaka Olimpiki ya Roma, mwaka wa 1960. Miaka 32! Mutoto wa kike aliyezaliwa siku ya mbio za Lina Radke angekuwa mama wa watoto wakubwa kabla wanawake waruhusiwe tena.

Ndiyo sababu katika sindika ninasema kila mara: ripoti tuandike wenyewe, siku ile ile, na tuhesabu watu. Wasipokuwa na karatasi yetu, wataamini ya mwingine.

Siku ya mwisho ya mashindano yao ilikuja mbio za kupokezana, mara nne metre 100. Bobbie alianza, akamupa fimbo Ethel Smith, Ethel akamupa Jane Bell, Jane akamupa Myrtle Cook, yule yule aliyetolewa katika metre 100. Myrtle hakulia tena. Kanada ikashinda kwa sekunde 48.4, rekodi ya dunia, na Wamarekani nyuma yao. Siku ile ile Ethel Catherwood akachukua zahabu ya kuruka juu. Kwa pointi zote za wanawake, Kanada ikawa ya kwanza, na Bobbie peke yake alileta pointi kuliko mutu mwingine yeyote wa ekipe. Waliporudi Toronto kwa treni, watu walijaa barabarani maelfu kwa maelfu.

Mwili unapokataa

Mwaka mumoja kisha ile furaha, mwaka wa 1929, Bobbie aliamuka na maumivu katika viungo. Magoti, vifundo vya miguu, vyote vilivimba. Madaktari wakasema ni ugonjwa wa viungo, ule mukali. Alilala kitandani miezi munane. Kisha akatembea na magongo karibu mwaka mumoja. Alikuwa hajafikisha hata miaka 26.

Ninawaza watu wangapi hapa kwetu wanasoma sehemu hii na kushika magoti yao. Mwili ndiyo kitu cha kazi cha masikini. Koleo likivunjika unanunua lingine. Muguu ukikataa, hakuna soko la miguu. Mimi mwenyewe bega langu la kuume halipandi tena juu ya kichwa tangu nilipokuwa na miaka 36, na ninajua usiku wa mutu anayehesabu atafanya nini kesho.

Tena ulikuwa wakati mubaya. Mwaka ule wa 1929 ndipo feza ya dunia ilianguka, viwanda vikafunga, watu wakasimama mistari mirefu kuomba mukate. Muchezaji asiyecheza alisahauliwa mbio.

Bobbie alirudi. Mwaka wa 1931 alikuwa tena kiwanjani, na katika ligi yake ya softbol hakuna aliyepiga mipigo mikubwa kuliko yeye. Akarudi pia kwenye barafu, na katika msimu wa 1931 na 1932 alitajwa kuwa muchezaji bora wa hoki wa wanawake katika Ontario nzima. Fikirini: miguu ile ile iliyobebwa na magongo sasa inasimama juu ya visu viwili vyembamba, kwenye barafu, katikati ya watu wanaogongana.

Lakini ugonjwa ulikuwa unamungojea. Mwaka wa 1933 ulirudi, na safari hii Bobbie aliacha kucheza kabisa. Mwaka ule ule, mwezi wa munane, Toronto iliona usiku mubaya. Katika kiwanja kinachoitwa Christie Pits, kisha mupira wa ekipe iliyokuwa na vijana wa Kiyahudi, vijana wengine waliinua alama ya Wanazi wa Hitler. Watu walipigana kwa fimbo kwa masaa mengi. Kwa hiyo mwanamuke huyu aliyebeba jina la Kanada mupaka Amsterdam alikuwa anaishi katika muji ambako watu wengine bado waliwatazama watu wake kama wageni. Unaweza kuletea inchi zahabu, na bado kuko mutu atakayekuuliza baba yako alitoka wapi.

Kalamu

Hapo wengi wangekwisha. Bobbie alibadilisha kazi. Mwaka wa 1934 wanawake wa Kanada walipokwenda London kwenye michezo ya inchi zilizokuwa chini ya Uingereza, yeye ndiye alikuwa mwalimu wao wa mbio. Tangu mwaka huo pia mupaka 1939 alikuwa prezidenti wa chama cha hoki cha wanawake wa Ontario. Kazi hiyo haikuwa na sifa za kiwanjani. Ilikuwa kupanga ligi, kutafuta saa za barafu, kwa sababu mwenye kiwanja alipenda kuwapa wanaume saa nzuri na wanawake usiku, na kuamua magomvi ya ekipe. Mutu aliyewahi kuongoza komite ya sindika anajua: makofi yanakuwa kidogo, masengenyo yanakuwa mengi.

Miaka hiyo hoki ya wanawake ilikuwa na nguvu sana. Ekipe ya muji wa Preston, jina lake Rivulettes, ilishinda karibu kila mutu kwa miaka kumi. Kisha vita ya pili ya dunia ikaja. Ligi zikakufa, viwanja vikapewa kazi zingine, na kisha vita wanawake wakaambiwa warudi nyumbani. Karibu kila kitu walichojenga kikasahauliwa.

Bobbie hakuacha kisahauliwe bila neno. Alikuwa ameanza kuandika habari za michezo katika gazeti la Montreal mwaka wa 1932, na kisha akaingia katika gazeti la Globe and Mail la Toronto. Alikuwa na sehemu yake ya michezo kwa miaka kama 20. Aliandika na kicheko, hata kuwachoma watu wakubwa. Waliosema michezo inaharibu mwanamuke, inamufanya mwanaume, au inamuzuia kuzaa, aliwajibu gazetini bila kuogopa, akiwa na medayi mbili nyumbani. Kisha akafanya kazi ya uhusiano na watu katika gazeti lile lile mupaka alipostaafu mwaka wa 1966.

Mwaka wa 1950 waandishi wa Kanada walipiga kura: nani alikuwa mwanamichezo mwanamuke bora wa nusu ya karne? Wakamuchagua Bobbie Rosenfeld. Alikuwa ameacha kucheza miaka 17.

Alikufa Toronto mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1969, akiwa na miaka 64. Maumivu ya viungo yalikuwa yamekaa naye miaka 40. Leo kuko bustani yenye jina lake katikati ya Toronto, mwaka wa 1996 posta ya Kanada ilichapa tembre yenye sura yake, na kila mwaka mwanamichezo mwanamuke bora wa Kanada anapewa tuzo inayoitwa kwa jina lake.

Na hoki? Kombe la kwanza la dunia la wanawake lilichezwa Ottawa mwaka wa 1990. Olimpiki iliwakubali wanawake wa hoki mwaka wa 1998 kule Nagano, Japani, miaka 29 kisha kufa kwa Bobbie. Marekani ilichukua zahabu ya kwanza. Kanada ikachukua ya mwaka wa 2002. Wale wasichana walipata katika siku moja kitu ambacho Bobbie hakupewa hata nafasi ya kukijaribu: kucheza muchezo wake wa moyoni mbele ya dunia.

Sisi hapa hatuna barafu, na hatutakuwa nayo. Lakini tuna kiwanja kimoja cha mupira, na kila jioni kinajaa wavulana. Wasichana wanasimama pembeni wakishika nguo za kaka zao. Nimeleta neno hili katika komite yetu: siku mbili kwa juma kiwanja kiwe cha wasichana, na mama wao wakae katika meza inayopanga. Baba mumoja aliniuliza kuna faida gani. Nilimuelezea mbio za Amsterdam, Jean na Bobbie bega kwa bega. Alinyamaza, kisha akauliza kama binti yake anaweza kupata viatu. Viatu bado hatuna. Mwenye jozi ya zamani nyumbani, aipeleke kwa mukubwa wa kikosi chake.